Sauti ya Televisheni Haihitaji Wati Elfu Kumi

Televisheni zinazouzwa Nakuru siku hizi zina picha safi ajabu na sauti hafifu ajabu, na mambo hayo mawili yana chanzo kimoja. Kadiri skrini ilivyokondeshwa, ndivyo nafasi ya spika ilivyomezwa. Televisheni ya zamani, ile yenye kisogo kikubwa, ilikuwa kasha kwelikweli: nyuma ya kioo palikuwa na hewa tele, na mara nyingi spika ilikaa ubavuni mwa kioo ikimtazama mtu usoni. Kipindi ambacho Kenya ilihamia matangazo ya dijitali, mwaka 2015, ndicho pia kipindi ambacho skrini bapa zilikuwa zikiingia sebuleni kwa kasi. Katika nyingi kati ya hizo, spika imepelekwa chini ya fremu ikielekea meza, au mgongoni ikielekea ukuta. Anayetazama hupokea sauti iliyokwisha kugonga mbao au saruji kabla ya kumfikia.

Mtaa wa Milimani, kwenye miteremko ya Menengai juu ya jiji la Nakuru, unafaa sana kwa kulichunguza suala hili, kwa sababu una nyumba za aina mbili zinazopokea sauti kwa namna mbili tofauti. Kuna zile kongwe za enzi ya ukoloni, zenye viwanja vipana, na ndani yake sakafu za mbao, mapazia mazito na makochi ya vitambaa. Kisha kuna fleti zinazoendelea kuchipuka, hasa tangu Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021: sakafu ya vigae, kuta za plasta, madirisha mapana, na samani chache. Vigae na plasta havifyonzi sauti, huirudisha. Televisheni ileile ambayo mzee wa nyumba ya zamani anaisikia vizuri itamchosha mwanawe aliyehamia fleti ya pili kutoka barabarani, kwa sababu kila silabi inarudi mara kadhaa na kuifunika inayofuata. Ukishuka mtaani kufikia nyumba ambazo mabati yako wazi bila dari, mvua ya Aprili ikianza saa moja usiku, taarifa ya habari ya Kiswahili hubaki midomo inayochezacheza.

Kwa hiyo watu wanaongeza sauti. Rimoti inasukumwa hadi 60, hadi 80, na bado mtu anauliza, “Amesema nini?” Hili ndilo swali linalopaswa kuongoza uamuzi wote wa kurekebisha sauti ya televisheni, na soko letu limelikwepa. Watu wanalalamika kwamba hawasikii maneno, nao wanauziwa besi.

Sauti ya mwanamume azungumzaye huanzia karibu hezi 100, ya mwanamke karibu hezi 200. Huko chini ndiko ziliko nguvu na uzito wa sauti, lakini maana ya maneno hukaa juu zaidi. Kinachotofautisha “soma” na “choma”, au “funga” na “tunga”, ni mivumo na milipuko midogo ya konsonanti, na mingi kati ya hiyo iko baina ya hezi 2,000 na 8,000. Simu za waya za zamani zilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, na watu wakaelewana kwa miongo mingi bila besi yoyote. Masafa hayo ya juu yana tabia moja muhimu: husafiri kwa kunyooka, na hayapindi kona kwa urahisi. Spika iliyofichwa mgongoni mwa televisheni hutuma konsonanti ukutani. Besi inazunguka na kufika. Konsonanti zinabaki nyuma. Ukiongeza sauti unaongeza vyote viwili kwa kipimo kimoja, na tatizo linabaki palepale, ila sasa lina kelele.

Hata kabla ya kununua waya mmoja, kuna mambo ya bure. Televisheni nyingi, dekoda na visanduku vya kutazamia filamu mtandaoni huwa na mpangilio wa sauti wa kuchagua kati ya stereo, ambayo huandikwa PCM, na mzunguko wa spika sita. Filamu iliyotengenezwa kwa spika sita huweka mazungumzo karibu yote kwenye spika ya katikati. Kifaa kikidhani una spika sita wakati una mbili, mazungumzo yanafifia huku muziki na milio ya magari ikitamba. Kubadilisha mpangilio huo kuwa PCM kumewaponya wengi waliokuwa tayari kutoa maelfu ya shilingi. Vilevile kuna kitufe cha kuyaweka mazungumzo mbele, na kingine cha kupunguza tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko, kinachoitwa hali ya usiku katika baadhi ya chapa. Zulia sakafuni na pazia zito kwenye dirisha lililo mkabala na televisheni vinafanya kazi ambayo hakuna amplifaya itakayoifanya. Ningependa kila duka la vifaa vya umeme liwaambie wateja hivyo kwanza, hata kama ni kujinyima mauzo.

Baada ya hapo ndipo inakuja biashara ya wufa. Karibu kila duka la elektroniki, kuanzia Luthuli Avenue jijini Nairobi hadi katikati ya Nakuru, lina ukuta wa wufa zenye taa za rangi, na kwenye maboksi yake maandishi makubwa: wati 8,000, wati 12,000, na pembeni herufi PMPO. Hesabu ya shule ya msingi inatosha kuyapima maandishi hayo. Stima yetu ni volti 240, na plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha: wati 3,120. Hakuna kifaa kilichochomekwa kwenye soketi hiyo kinachoweza kutoa mfululizo wati 12,000, kwa sababu hakiwezi kutoa kisichoingia. Geuza wufa uangalie kibandiko cha nyuma kinachosema inatumia umeme kiasi gani. Mara nyingi utakuta wati 40 au 60 hivi. Namba hiyo ndogo ndiyo yenye uhusiano na ukweli. PMPO ni kipimo kisicho na kiwango kinachokubaliwa na wote, na mtengenezaji anaweza kukipata atakavyo.

Jambo la kutia moyo ni kwamba sebule haihitaji hata robo ya wati hizo 60. Spika ya kawaida, ikipewa wati 1 tu, hutoa takriban desibeli 85 hadi 90 kwa umbali wa mita moja. Mazungumzo ya watu wawili kwa umbali huohuo ni karibu desibeli 60. Yaani wati moja, ikipitia spika inayomtazama msikilizaji, ni sauti kubwa kuliko mtu anayeongea nawe ana kwa ana. Ukitaka sauti iongezeke mpaka sikio lione imekuwa maradufu, unahitaji desibeli 10 zaidi, na hizo zinadai nguvu mara kumi: wati 10. Hapo umeshafika mahali ambapo jirani anajua unatazama nini. Ninashikilia basi kwamba amplifaya ndogo ya kujiundia, yenye wati 10 au 15 kila upande, na spika mbili za akiba zilizowekwa mahali pake, humsikizisha mtu wa Milimani taarifa ya habari vizuri kuliko wufa nyingi za dukani. Siri yake iko kwenye spika, kasha na mahali. Amplifaya yenyewe ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote.

Nyepesi kwa kweli. Zamani fundi alihitaji transfoma nzito, transista za nguvu, na uvumilivu wa kutosha. Leo amplifaya nzima imo ndani ya chipu moja, na chipu hiyo huuzwa ikiwa tayari imechomelewa kwenye bodi inayoenea kiganjani. TDA2030 na TDA7297 ni za mtindo wa zamani unaopata moto, na huhitaji kipande cha alumini cha kuzipoza. TPA3110 na TPA3116 ni za kizazi kinachowasha na kuzima umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde; takriban asilimia 90 ya nguvu hugeuka kuwa sauti badala ya joto, kwa hiyo zinapozwa kwa urahisi. PAM8403, iliyo ndogo kuliko zote, huendeshwa na volti 5 za chaja ya simu na kutoa wati 3 kila upande. Kwa kukaza mazungumzo ya televisheni ya chumba cha kulala, hiyo inatosha kabisa.

Chanzo cha umeme kimelala katika nyumba nyingi: chaja ya kompyuta ya mapajani iliyokufa. Nyingi hutoa volti 19 na ampea tatu au zaidi, na zimefungwa ndani ya plastiki, kwa hiyo mtu haigusi stima ya volti 240 hata kidogo. TPA3110 na TPA3116 zinaikubali volti 19 bila shida. TDA7297 haiikubali: mwisho wake wa kazi ni volti 18, na bodi nyingi zimeungua mezani kwa sababu ya volti hiyo moja. Kwa walio nje ya jiji, kuelekea Mau Narok au Baringo, wanaotazama televisheni za sola za volti 12, TPA3110, TPA3116 na TDA7297 huunganishwa moja kwa moja na betri, pakiwa na fyuzi ndogo katikati. Kwa volti 12 na spika ya ohmu 4, chipu ya aina hii hutoa karibu wati 12 halisi. Hesabu tuliyofanya hapo juu inasema hizo ni nyingi.

Spika nazo hazizeeki upesi jinsi vifaa vingine vinavyozeeka. Umbo la spika tunayoitumia, yaani koili inayosukuma koni ndani ya uga wa sumaku, lilikamilishwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric mwaka 1925, na msingi wake haujabadilika. Spika iliyotengenezwa mwaka 1990, kama koni haijapasuka, haijapitwa na wakati. Na spika za akiba ziko kila mahali. Kuna zile tano ndogo za mfumo wa sinema ya nyumbani ambao mashine yake ya DVD ilikufa zamani. Kuna za milango ya magari, na zile za umbo la yai za inchi 6 kwa 9 zilizotolewa kwenye matatu baada ya mwenyewe kutaka kubwa zaidi. Kuna zilizobaki kanisani baada ya waumini kuchangia mitambo mipya. Kuna televisheni zilizovunjika kioo: kioo kikipasuka televisheni imekwisha, maana bei ya kukibadilisha hukaribia bei ya mpya, lakini ndani yake vipo vitu vizima kadhaa. Vingi huishia jalala la Gioto, upande wa mtaa wa London, ambako waokotaji huvivunja kutafuta shaba. Kuvipa maisha ya pili sebuleni ni jambo la heshima, na ningependa mafundi wetu walitangaze hivyo.

Kuipima spika ya mtumba hakuhitaji maabara. Isukume koni taratibu kwa vidole viwili, pande zote mbili sawasawa. Ukisikia mkwaruzo, koili imepinda, iache. Tazama ukingo unaoishikilia koni. Wa mpira hudumu, wa sponji huoza na kumomonyoka, ingawa fundi mwenye subira huufufua kwa kitambaa chepesi na gundi ya mpira. Pima kwa mita: spika ya ohmu 8 itasoma karibu 6, ya ohmu 4 karibu 3 na nukta. Kisha chukua betri ya redio ya volti 1.5 uiguse kwenye ncha zake kwa nukta moja. Koni ikiruka mbele, ncha iliyoguswa na chanya ya betri ndiyo chanya, itie alama. Hatua hii inarukwa na wengi, na kurukwa kwake kunagharimu sana. Spika mbili zikiunganishwa moja ikisukuma wakati nyingine inavuta, besi zinafutana hewani na sauti ya mtangazaji inakuwa haina mahali. Msikilizaji hujiona kama kichwa chake kimevutwa pande mbili. Watu hununua amplifaya nyingine kwa kosa ambalo betri ya redio ingelionyesha.

Kisha kasha, na hapa ndipo ufundi wa kweli ulipo. Spika iliyo uchi hupiga hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na hewa ya nyuma inazunguka kuifuta ya mbele. Kasha linazizuia zisikutane. Kwa spika ya gari ya inchi 6, kasha lililofungwa pande zote lenye ujazo wa lita 10 hadi 15 litampa mtu besi ya kiasi na mazungumzo yaliyo wazi. Spika yenyewe ilibuniwa kufanya kazi ndani ya mlango wa gari, ambao nao ni kasha la bati. Tumia plaiwudi ya milimita 18 au MDF, gundi kwenye maungio yote, skrubu za kutosha, na ndani utie pamba ya mto wa zamani. Mafundi wa matatu wanaovalisha makasha yao zulia wanaijua kazi hii kwa vidole. Waelezwe tu kwamba safari hii kinachotakiwa ni maneno. Kasha jepesi la chipubodi lisilo na gundi huimba lenyewe kwenye noti moja, na noti hiyo hufunika kila kitu. Kama spika ina twita ya pembeni, yaani spika ndogo ya masafa ya juu, twita ipitishiwe kapasita isiyo na chanya na hasi: mikrofaradi 4.7 kwa twita ya ohmu 8 huanza kuzuia masafa yaliyo chini ya hezi 4,000 hivi, na bila hiyo twita haitamaliza wiki.

Mahali pa kuziweka ni usawa wa sikio la mtu aliyeketi, zikimtazama. Kwa nyumba ambayo shida yake ni mazungumzo peke yake, napendelea hata spika moja tu chini ya skrini, katikati, kuliko mbili kwenye pembe za chumba. Mazungumzo yapo sawa kwenye njia ya kushoto na ya kulia, kwa hiyo njia hizo huchanganywa kwa rezista mbili za ohmu 1,000, moja kwa kila njia, kabla ya kuingia kwenye amplifaya. Kuzifunga nyaya mbili pamoja bila rezista kunazilazimisha njia hizo kupigana.

Namna ya kuitoa sauti kwenye televisheni ndiyo imeharibu televisheni nyingi, na inastahili kusemwa wazi. Baadhi ya mafundi hufungua mgongo, wakakata waya za spika za ndani na kuzipeleka kwenye tundu la kuingizia la amplifaya. Katika skrini bapa za leo, waya zote mbili za spika hubeba umeme wa sauti, hakuna iliyo ya ardhi. Ukiunganisha moja na ardhi ya amplifaya, unaweza kuichoma chipu ya sauti ya televisheni papo hapo. Televisheni za zamani zenye kisogo ni hatari zaidi: baadhi chasi yake imeungana na stima yenyewe, na ndani kuna maelfu ya volti yanayobaki hata plagi ikishatolewa. Usifungue. Tumia tundu la hedifoni, au matundu mekundu na meupe ya sauti kama yapo. Televisheni mpya nyingi zimeondoa yote mawili na kubakiza tundu la mwanga au la HDMI. Hapo hununuliwa kigeuzi kidogo kinachobadilisha sauti ya mwanga kuwa ya waya, na televisheni huwekwa kwenye PCM, la sivyo kigeuzi hukaa kimya na mtu hudhani ni kibovu.

Bluetooth inavutia kwa kuwa haina waya, lakini inachelewa. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, limeweka kizingiti ambapo mtazamaji huanza kugundua sauti imebaki nyuma ya picha: takriban milisekunde 125. Bluetooth ya kawaida hukivuka kwa urahisi. Kwa muziki si neno. Kwa taarifa ya habari, midomo ikitangulia maneno, sikio hupoteza msaada wa jicho, na mzee asiyesikia vizuri huutegemea sana msaada huo.

Ukishaunganisha kila kitu na kusikia mngurumo mzito usiokoma, kwa kawaida ni mzunguko wa ardhi: dekoda imeunganishwa na dishi juu ya paa, chaja ina ardhi yake, na tofauti ndogo kati ya ardhi hizo inapita kwenye waya wa sauti kwa hezi 50. Jaribu kuondoa waya wa dishi. Mngurumo ukikoma, umempata mhusika. Transfoma ndogo ya kutenganisha sauti, inayouzwa kwa wafungaji redio za magari, huumaliza. Kukata pini ya ardhi kwenye plagi pia huumaliza, na siku moja humwua mtu. Na kwa kuwa stima yetu ikikatika hurudi kwa kishindo, kilinzi cha volti kiwe cha kwanza kwenye mstari.

Zipo nyumba ambazo njia hii haizifai. Asiye na fundi wa kumwamini, au mwenye watoto wadogo wanaotambaa kati ya nyaya, afadhali anunue spika ndefu ya chini ya skrini. Zilizo nzuri zina spika ya katikati ya mazungumzo na zinamtazama mtu usoni, na hilo pekee ni nusu ya kazi. Mwenye redio ya zamani ya stereo yenye tundu la kuingizia hana haja ya kuunda chochote. Kwa wakaaji wa fleti za Milimani, wufa ingekuwa chaguo baya hata kama ingekuwa ya bure: besi hupenya zege la sakafu na kuingia chumbani mwa mtoto wa jirani wa chini, wakati konsonanti huishia mlangoni. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zinaweka kikomo cha usiku ndani ya nyumba za makazi kuwa desibeli 35, na usiku kisheria huanza saa mbili. Spika ndogo inayonyoosha maneno kuelekea kochi humwezesha mtu kupunguza sauti, na hivyo kutomsumbua jirani bila kujinyima habari za saa tatu.

Kuna hali moja ambayo amplifaya haitaitibu. Umri hula masafa ya juu ya usikivu kwanza, yaleyale ya konsonanti, na anayepoteza huwa wa mwisho kujua. Yeye huona watangazaji wa siku hizi wananong'ona. Kama mama au baba bado anauliza amesema nini baada ya spika kuwekwa mbele yake, na anawauliza hivyohivyo wajukuu walioketi kando yake, fedha iliyobaki ipelekwe kwenye kipimo cha masikio. Wakati wa kusubiri miadi, hedifoni za waya kwenye lile tundu la televisheni zitampa taarifa yake ya saa moja bila kuwatikisa wengine.